Siku 90 za Fort Jackson

Leo nataka tumzungumzie kijana anayetaka kuwa askari. Ana moyo wa kazi, karatasi zake zimekamilika, lakini akipimwa anaambiwa arudi nyumbani akapungue. Nitaanzia Marekani, kwa sababu huko jambo hili limekuwa suala la serikali, na kwa sababu wapo watoto wetu huko wanaolipitia wakati huu: Wakenya, Watanzania, Warundi, na Wakongo waliofika kama wakimbizi wakiwa bado wadogo.

Katika jimbo la South Carolina, mjini Columbia, ipo kambi inayoitwa Fort Jackson. Hakuna kambi nyingine ya jeshi la nchi kavu la Marekani inayofundisha makuruta wengi kama hiyo. Agosti 2022 ilianzishwa hapo kozi ya matayarisho kwa vijana ambao, kwa kanuni za kawaida, wangekataliwa mlangoni. Ina pande mbili. Upande mmoja ni wa waliopata alama ndogo katika mtihani wa kuingia jeshini. Upande wa pili, na huo ndio wetu leo, ni wa waliozidi kiwango cha mafuta mwilini.

Jeshi halikufanya hivyo kwa huruma. Mwaka huo lilikuwa limejiwekea lengo la kuandikisha watu 60,000, likapungukiwa na takribani 15,000. Tayari mwaka 2020 utafiti wa Wizara ya Ulinzi ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya Wamarekani wa miaka 17 hadi 24, asilimia 77 hawawezi kuingia jeshini bila kupewa msamaha maalumu. Kuna wenye maradhi, kuna waliotumia dawa za kulevya, kuna waliogongana na sheria, na wengi wana zaidi ya sababu moja. Ila ukitafuta kizuizi kimoja kilichosimama peke yake, unene ndio uliotangulia, asilimia 11.

Sasa tuone kozi yenyewe inavyokwenda, maana mafunzo yote ya leo yamo humo. Kijana wa kiume wa miaka 17 hadi 20 anaruhusiwa kuingia jeshini akiwa na mafuta yasiyozidi asilimia 24 ya uzito wake. Wa kike wa umri huo, asilimia 30. Umri ukipanda, kiwango kinapanda kidogo. Kozi ilipoanza, ilimpokea mtu aliyezidi kiwango chake kwa hadi asilimia 6, na baadaye wakasogeza hadi 8. Akishafika, ana siku 90. Anaamka alfajiri, anafanya mazoezi chini ya wakufunzi wa jeshi, anakula milo mitatu, anafundishwa lishe, analala kwa saa inayojulikana. Pombe hakuna, sigara hakuna. Anapimwa kila juma, na akishabakiza asilimia 2 au chini ya hapo kukifikia kiwango, anahamishiwa kwenye mafunzo ya awali ya majuma kumi pamoja na wenzake. Muda wote huo ni askari aliyekwisha andikishwa, ana sare na analipwa mshahara.

Matokeo yake ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaoingia kwenye kozi hiyo wanavuka kwenda mafunzo ya awali. Mwaka 2024 jeshi la nchi kavu lilifikia lengo lake la watu 55,000, na karibu robo ya askari wapya walikuwa wamepita kwenye kozi ya matayarisho. Jeshi la majini nalo lilifungua kozi ya namna hiyo mwaka 2023 huko Great Lakes, katika jimbo la Illinois.

Naomba tusimame hapa kidogo. Vijana hawa ni walewale walioambiwa maisha yao yote kwamba wanene kwa sababu ni wavivu, walafi, hawana msimamo. Walipofika Fort Jackson hawakupewa moyo mpya wala kidonge. Walipewa miezi mitatu, chakula kwa wakati, usingizi, na kazi ya mwili kila siku. Wakapungua. Basi ule uvivu ulikuwa wapi? Mimi naamini haukuwepo kwa kiasi tulichodhani. Kilichokuwepo ni maisha yasiyo na mpangilio. Kijana anafanya zamu ya usiku kwenye ghala, anarudi asubuhi, analala hadi saa nane mchana, anakula kilicho karibu, na kilicho karibu ni chipsi na soda ya bei rahisi. Anaishi mahali ambapo hata kwenda kununua chumvi lazima upande gari. Mtu huyu umwambie ajikaze? Ajikaze saa ngapi?

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naijua lugha tunayoitumia nyumbani. Mtoto mnene kwetu hupewa jina la utani kabla hajajua kusoma. Akikua na kusema anataka kuwa mwanajeshi, watu huangua kicheko sebuleni. Kisha mjomba mmoja anamwambia asile kabisa majuma mawili kabla ya kupimwa, na shangazi anamletea majani ya kuharisha. Ushauri wa namna hiyo unaua watu, na nitaeleza kwa nini.

Mwili unabeba vitu vingi vyenye uzito: mifupa, misuli, maji, chakula kilichomo tumboni, na mafuta. Mizani haijui kuvitenganisha. Ukiacha kula wanga kwa siku tatu, utaona kilo mbili zimeondoka, ukafurahi. Lakini sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari ndani ya misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia gramu kama tatu za maji. Akiba ikiisha, maji nayo yanatoka. Siku ukirudi kwenye wali, kilo zinarudi. Mafuta yenyewe bado yako pale pale, kwa sababu kilo moja ya mafuta ya mwili ina nguvu ya kalori zipatazo 7,700, na kalori nyingi kiasi hicho hazichomwi kwa siku mbili tatu za kujinyima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijana ana kilo 95 na mafuta yake ni asilimia 30. Maana yake amebeba mafuta kilo 28 na nusu, na vilivyobaki, yaani misuli, mifupa na maji, ni kilo 66 na nusu. Anatakiwa afike asilimia 24. Akipunguza mafuta peke yake na kuilinda misuli yake, atafika hapo akiwa na kilo 87 na nusu. Anahitaji kuondoa kilo nane hivi. Kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, ambao madaktari wengi huuona kuwa salama, kazi hiyo ni ya majuma nane hadi kumi na sita. Siku 90 za Fort Jackson ni majuma kumi na tatu, yanaingia humo humo.

Sasa mchukue kijana huyohuyo, ajinyime chakula kwa pupa, aache na mazoezi ya nguvu. Apungue kilo tano, lakini nusu ya hizo iwe imetoka kwenye misuli. Mizani itaonyesha kilo 90, na jirani watampongeza. Ila mafuta yake sasa ni kilo 26 katika 90, yaani karibu asilimia 29. Amesota, amedhoofika, na bado yuko mbali na kiwango. Akifika kwenye mchakamchaka atakuwa mtu wa mwisho, kwa kuwa miguu iliyokuwa imbebe ameila yeye mwenyewe.

Na wapimaji wa jeshi wanalijua hilo. Kwenye kituo cha kuandikishia kwanza wanachukua urefu na uzito. Ukiwa ndani ya jedwali lao, umepita. Ukizidi, wanatoa utepe, ule unaofanana na wa fundi cherehani. Kwa miaka mingi mwanaume alipimwa shingo na kiuno usawa wa kitovu, na mwanamke akaongezewa nyonga, kisha wanakokotoa. Mwaka 2023 jeshi la nchi kavu lilirahisisha kipimo kwa askari wake: utepe mmoja usawa wa kitovu, ukichanganywa na uzito. Mwaka huohuo liliamua pia kwamba askari anayepata alama 540 katika jaribio la mazoezi lililokuwa na jumla ya alama 600, na walau 80 katika kila zoezi, asipimwe mafuta kabisa. Mimi uamuzi huo naupenda. Mwanamke mwenye mapaja mazito anayeweza kunyanyua, kuburuta na kukimbia kwa kiwango hicho ameshajibu swali ambalo utepe ulikuwa unamuuliza.

Narudi kwa ile hatari ya ushauri wa mjomba na shangazi. Wapo vijana wanaojifunga mifuko ya plastiki tumboni na kukimbia juani. Wapo wanaokaa kwenye vyumba vya mvuke, wanaoacha kunywa maji siku ya mwisho, wanaomeza dawa za kuharisha na za kukojoa. Mwishoni mwa mwaka 1997, huko huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu, North Carolina, Wisconsin na Michigan, walifariki ndani ya muda wa majuma matano hivi. Kila mmoja kwa upande wake alikuwa anataka kushusha uzito kabla ya pambano, amevaa nguo isiyopitisha jasho, anafanya mazoezi kwenye chumba chenye joto. Walikuwa vijana wenye afya, wanamichezo, na wakufunzi wao wapo. Mwili ulipanda joto, damu ikawa nzito, moyo ukasimama. Mapema mwaka 1998 chama cha michezo ya vyuo kikapiga marufuku nguo zile na vyumba vile. Kama jambo hilo liliwaua waliozoea mazoezi tangu utotoni, litamfanya nini kijana ambaye hajakimbia tangu alipomaliza shule?

Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba ujanja huo haumsaidii aliyezidi jedwali kwa kilo nyingi. Jasho lote lile la kilo tatu halipunguzi kiuno chake kwa kiasi cha kuudanganya utepe. Anahatarisha figo zake kwa ajili ya mizani, halafu anapimwa kwa utepe.

Kuna hatari nyingine inayowapata wenye bidii hasa. Mtu ambaye hajafanya mazoezi muda mrefu akianza ghafla kwa fujo, pushapu mia, kukimbia kilomita kumi, misuli inaweza kuvunjikavunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu. Mkojo unabadilika rangi, unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Ukiona hivyo, ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Na muundi wa mguu ukiuma mahali pamoja, kila ukikimbia unazidi, na ukipabonyeza panauma, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mfupa unajengeka taratibu kuliko misuli na pumzi. Pumzi inaweza kuwa tayari baada ya mwezi, mfupa bado unajipanga. Ndiyo maana mnene anayeanza aanze kwa kutembea. Atembee kwa haraka nusu saa kila siku, majuma mawili. Kisha atembee dakika nne akimbie moja, na aendelee kusogeza hivyo. Lengo lake la mwisho, kama anakwenda jeshi la nchi kavu la Marekani, ni maili mbili, yaani kilomita 3 na mita 200, pamoja na kunyanyua chuma, pushapu za kuinua viganja, kuburuta na kubeba mizigo kwa mbio, na kujishikilia kwa viwiko. Umbali huo si wa kutisha. Unafikiwa na mtu aliyeanza mapema.

Kwa mabinti nina neno la pekee. Msichana anayejinyima chakula huku anakimbia kila siku anaweza kukosa hedhi. Wengi hufurahi, wanaona usumbufu umepungua. Msifurahi, wanangu. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeishiwa, na mifupa inaanza kudhoofika wakati uleule ambapo mnaitaka iwe imara kuliko wakati wowote. Kuna na upungufu wa damu, ambao wasichana wetu wengi wanao bila kujua. Anapanda ngazi moja anahema, anadhani ni unene, kumbe ni madini ya chuma. Kabla hujaanza, pima damu. Dengu, maharage, mchicha, maini na nyama kidogo vitakufikisha mbali kuliko chai tupu asubuhi na tufaha mchana.

Nilipokuwa nikilitafakari jambo hili, historia ilinirudisha nyuma sana. Majeshi yamekuwa yakigundua afya ya raia wao siku yanapowahitaji. Uingereza ilipopigana na Makaburu Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902, wanaume wengi wa miji ya viwanda waliojitolea walikataliwa: wafupi, wembamba, meno mabovu, vifua dhaifu. Serikali ikashtuka, ikaunda kamati, ikatoa ripoti mwaka 1904, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya kuwezesha watoto wa shule kulishwa. Watoto hao walikuwa na njaa miaka yote, na mama zao walikuwa wanajua. Marekani nayo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ilikuta vijana wengi hawafai kwa sababu za kiafya zilizotokana na lishe duni. Mwaka 1946 Rais Harry Truman akatia saini sheria ya chakula cha mchana shuleni, na sheria hiyo ilitaja waziwazi usalama wa taifa kuwa moja ya sababu zake.

Mwaka 2010, majenerali wastaafu wa Marekani walitoa ripoti wakisema kinyume chake: sasa vijana wamenenepa mno, hawafai kupigana, na chakula cha shule kitazamwe upya. Miaka 64 tu kati ya sheria ile na ripoti hii. Ndani ya muda wa maisha ya mtu mmoja taifa limetoka kwenye mbavu zinazohesabika hadi kwenye viuno visivyoingia suruali, na mara zote mbili aliyepiga kengele ya kwanza kusikika ni mwanajeshi. Daktari wa kijiji alikuwa ameshasema. Mwalimu alikuwa ameshasema. Hawakusikilizwa.

Hapo ndipo ninapopata shida na Fort Jackson, pamoja na sifa zote nilizoipa. Ikiwa serikali inajua kwamba milo mitatu, usingizi, mwalimu wa lishe na mazoezi kwa miezi mitatu vinatosha kumbadilisha kijana, kwa nini imngoje mpaka atie saini ya kwenda vitani? Yule mwenzake wa mtaa mmoja, mnene vilevile, ambaye hataki bunduki na anataka kuwa muuguzi au fundi umeme, atakwenda kambi gani? Kijana hapaswi kuuza miaka minne ya maisha yake ili afundishwe kula. Nalisema hili bila kuwadharau waliotia saini. Wengi walifanya hivyo kwa heshima na kwa mapenzi ya nchi iliyowapokea.

Na kozi yenyewe si safi kabisa. Mwaka 2025, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alieleza kwamba kati ya waliopita upande wa mazoezi kuanzia Februari hadi Mei 2024, asilimia 14 walikuwa wamezidi hata ile nafasi ya ziada ya asilimia 8. Yaani walipokelewa hata watu ambao huenda miezi mitatu isingewatosha. Ukimpeleka kijana wa namna hiyo unampeleka akashindwe mbele ya wenzake, au akaumie akijaribu kukimbiza kalenda. Asiyefikia kiwango baada ya siku 90 anarudishwa nyumbani.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi ina sura nyingine. Tangazo la Jeshi la Ulinzi la Kenya la kuandikisha makuruta hutaja uzito wa chini kabisa: kilo 54.55 kwa mwanaume na kilo 50 kwa mwanamke, na urefu usiopungua mita 1.60. Kule Marekani kijana anaogopa kuzidi, huku anaogopa kupungua. Na kama ilivyo kule, wapo wanaotaka kuidanganya mizani asubuhi ya siku yenyewe, kwa kunywa maji mengi na kujaza tumbo. Halafu wanaambiwa wakimbie. Ukikimbia na lita mbili za maji tumboni utatapika mbele ya afande, na hata ukipita, mwili uliokuja nao kambini ni uleule mwembamba. Kijana wa Turkana au wa Kilifi anayekosa kilo tatu anahitaji kitu kilekile anachohitaji yule wa Ohio aliyezidi kilo nane: miezi mitatu ya kula vizuri kwa wakati, na kazi ya mwili. Kwake ni uji wenye karanga na maziwa, maharage, mayai, ugali wa kutosha.

Lakini usidhani sisi tumesalimika na unene. Katika miji yetu, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Kampala, kitambi kimeshuka umri. Zamani kilikuwa cha mzee mwenye duka, leo kipo kwa kijana wa miaka 22 anayeendesha bodaboda mchana kutwa na kula chipsi mayai saa nne usiku. Waombaji wa majeshi yetu wa miaka kumi ijayo ndio hao.

Nirudi kwa wanetu walioko ng'ambo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mhamiaji hufika Marekani akiwa na afya nzuri kuliko wenyeji, kisha kadiri anavyokaa ndivyo uzito unavyopanda kuwafuata wenyeji. Na jeshi kwao ni mlango wa maana, maana mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kuandikishwa, na utumishi wa heshima unamfungulia njia ya haraka ya uraia. Kwa hiyo unene kwao umeshika mambo mengi: kazi, ada ya chuo, karatasi, hata uwezo wa kumleta mama. Shinikizo hilo ndilo linalowasukuma kwenye plastiki na dawa za kuharisha. Ninawaelewa. Ndiyo maana nataka niwape njia yenye nafasi ya kufanikiwa.

Usiache ugali wala wali. Vyakula vyetu havina kosa. Punguza ukubwa wa tonge, ongeza mboga za majani na maharage, weka samaki, kuku au yai katika kila mlo ili misuli ipate cha kujijengea. Mafuta ya kukaangia yapime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Halafu angalia unachokunywa. Soda ya nusu lita ina kalori zipatazo 200. Kupunguza nusu kilo kwa juma kunataka upungufu wa kalori kama 550 kwa siku. Anayekunywa soda mbili kwa siku akiziacha, ameshafanya zaidi ya theluthi mbili ya kazi bila kugusa sahani yake. Chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, mara tano kwa siku, nayo ihesabu.

Kama unafanya zamu ya usiku, omba kubadilishiwa kwa miezi hii mitatu, hata kama malipo ni madogo kidogo. Usingizi mfupi huongeza njaa, hilo limethibitishwa, na ni vigumu sana kupungua ukiwa unalala kwa muda wa saa nne tu. Mara mbili au tatu kwa juma fanya kazi ya nguvu: pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kunyanyua kitu kizito kwa utaratibu. Hiyo ndiyo inayouambia mwili usile misuli. Na kama una kisukari, pumu, shinikizo la damu au unatumia dawa yoyote, zungumza na daktari kwanza, na usimfiche mwandikishaji.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akisema hataki soda kwenye harusi ya binamu yake, msimlazimishe kwa kisingizio cha heshima. Akisema atakula robo ya pilau, mpakulieni robo. Na dada yake atoke naye kutembea jioni, maana kutembea peke yako mitaani kwa watu, ukiwa mnene na mgeni na mweusi, kunahitaji moyo.

Kabla ya kumwona mwandikishaji, tafuta utepe, jipime kiuno usawa wa kitovu asubuhi kabla hujala, ukiwa umesimama wima na tumbo umelilegeza, andika tarehe na sentimita. Juma lijalo, siku ileile na saa ileile, pima tena. Ukikutana naye, muulize kiwango cha mafuta cha umri wako kwa maandishi, na muulize leo umezidi kwa asilimia ngapi. Akikwambia usijali, utapungua huko huko kambini, mwombe akuandikie na hilo pia. Kama umezidi kuliko kozi inavyoruhusu, usitie saini mwaka huu. Chukua miezi sita nyumbani, kisha urudi kwake.